Kuendesha kikao cha ushairi wa kughani kwa vijana

Muulize kijana "unajisikiaje?" atakujibu "niko poa", na mazungumzo yameishia hapo. Mpe mstari wa kuanzia na dakika 10 za kuandika, utashangaa yanayotoka.

Kikao kinahitaji vijana 8 hadi 12, dakika 90, daftari, kalamu na chumba chenye mlango unaofungika. Wakizidi hapo, muda hautamtosha kila mtu kusoma, na wanaokosa zamu ndio mara nyingi walikuwa na la kusema.

Wekeni masharti kwanza: hakuna kurekodi, ya humu hayatoki nje, na asiyetaka kusoma aseme "napita" bila kuulizwa sababu. Msimamizi naye atamke mapema, kabla mtu hajaandika neno, siri asiyoweza kuitunza: anayeteswa au anayefikiria kujidhuru lazima atafutiwe msaada. Kenya na Tanzania, namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116.

Sasa kalamu. Usiwaambie "andikeni kuhusu huzuni", maana utapata kurasa za "moyo wangu umevunjika". Toa mwanzo ulioshika kitu: "Mlango wa kwetu unajua kwamba…" Waandike mfululizo, bila kufuta. Wakimaliza, kila mmoja apigie mstari chini ya kila jina la hisia, kisha aweke mahali pake kitu kinachoonekana, kinachosikika au kinachonusika. "Baba aliondoka, nina huzuni" inaweza kuwa:

Ndoano ya koti lake bado iko ukutani,
siku hizi tunatundika mwavuli.

Huzuni haikutajwa, lakini msikilizaji ameiona. Na kijana amepata kitu cha kushika: kusimulia habari za ndoano ni rahisi kuliko kutamka "nimeachwa".

Waliozoea mashairi ya darasani watakimbilia vina na mizani 8 kwa 8. Wazuie katika rasimu ya kwanza. Akikosa neno la kutimiza kina, mtu huandika alichopata badala ya alichohisi. Kibwagizo, hata hivyo, kinafaa tangu mwanzo: mstari mmoja unaorudi kila baada ya mistari 4 au 5 humpa msomaji pa kupumzika. Sheng na lugha ya mama ziachwe ziingie. Mtu hagombani kwa Kiswahili sanifu.

Wanaoanza kughani hukimbia, kwa kuwa wanapumulia kifuani. Wachore mkwaju (/) kila penye pumzi, wasimame miguu ikiachana kidogo, watoe pumzi yote nje, wahesabu hadi 2, ndipo waanze. Ukomo uwe dakika 3, kama katika slam, mashindano ya kughani mashairi aliyoyaanzisha Marc Smith huko Chicago miaka ya 1980. Ila alama za waamuzi, 0 hadi 10, msiziige: aliyetoka kusoma kuhusu kifo cha mama yake hastahili kupewa 6.5.

Wasikilizaji wataje mstari mmoja tu uliowagusa. Wasitoe ushauri, wasihoji "ilikuwaje?" Shairi ambalo mwenyewe hawezi kulimaliza akilisoma peke yake bado ni kidonda kibichi, libaki daftarini, au ajaribu kuliandika kwa "yeye" badala ya "mimi".

Mkimaliza, msimamizi asiondoke haraka. Akae dakika 15 akikusanya viti taratibu, kwa sababu aliyesema "napita" huwa anakuja wakati huo.