Ukitaka kuwakosoa Wademokrati bungeni, anza na kumbukumbu za kura

Mimi hapa Texas nawapigia kura Warepublikan na sifichi. Wanaonichosha ni wenzangu wa upande huu, hasa tunaobishana kwenye magrupu ya WhatsApp: mtu anaandika "Wademokrati wanapitisha sheria kihuni," akiulizwa sheria gani, kimya. Lawama isiyo na namba ya muswada ni porojo.

Kwanza tenganisha sheria na namna ilivyopitishwa. Chukua Obamacare, sheria ya bima ya afya ya Rais Obama ya mwaka 2010. Ukiichukia kwa sababu ya gharama, huo ni mjadala wa sera na hautaisha leo. Mwenendo wa wabunge una tarehe na kura, mtu hawezi kukukana.

Fungua congress.gov, tovuti ya Bunge la Marekani, chagua Bunge la 111 (2009 hadi 2011), andika H.R. 3590, namba ya muswada wa Obamacare. Yale maelfu ya maneno yaache kwanza, nenda kwenye orodha ya hatua, uisome kuanzia chini. Utakuta muswada uliotoka Bunge la Wawakilishi Oktoba 2009 ulihusu nafuu ya kodi kwa wanajeshi wanaonunua nyumba. Seneti ikafuta maneno yote, ikabakiza namba, ikaingiza humo bima ya afya: chupa ya soda iliyojazwa mafuta ya taa. Sababu ni kwamba muswada wa bima ulikuwa na kodi ndani yake, na Katiba inataka miswada ya mapato ianzie kwa Wawakilishi. Hapo sema ni ujanja. Usiseme Katiba imevunjwa, maana waliopeleka hoja hiyo mahakamani walishindwa, na mpinzani wako akilijua hilo atakumaliza.

Sasa fuata kura. Seneti, 24 Desemba 2009: 60 kwa 39. Januari 2010 Scott Brown, Mrepublikan, akashinda kiti cha Massachusetts, na ile kura ya 60, inayohitajika kufunga mjadala Seneti, ikapotea. Badala ya kurudi mezani, Wademokrati wa Bunge la Wawakilishi wakapitisha maandishi ya Seneti yalivyo, 21 Machi 2010, 219 kwa 212. Marekebisho yakapitia utaratibu wa bajeti ambao Seneti inahitaji wingi wa kawaida tu. Hakuna Mrepublikan hata mmoja aliyesema ndiyo. Ila usikomee hapo, kwa sababu chama kupinga chama si habari. Taja Wademokrati 34 waliosema hapana. Hao ndio mashahidi wako.

Kauli ya Nancy Pelosi, Mdemokrati aliyekuwa Spika wa Bunge la Wawakilishi wakati huo, kwamba lazima muswada upitishwe ndipo watu wajue kilichomo, itoe nzima. Aliongeza kwamba wangeuona mbali na ukungu wa mabishano. Ikikatwa inachekesha zaidi, lakini ukinaswa umeikata, hoja zako zote zinatupwa. Na nzima bado inamuumbua, kwa maoni yangu.

Kisha jikague. Mwaka 2017 Seneti yetu ilipitisha muswada wa kodi ukiwa na maneno yaliyoandikwa kwa mkono pembeni mwa kurasa. Desemba 2020 muswada wa matumizi ya serikali wa kurasa 5,593 ulitolewa na kupitishwa na mabunge yote mawili siku ileile, Wawakilishi wakiongozwa na Wademokrati, Seneti na sisi. Ukiyataja wewe mwenyewe, mtu hana cha kukurushia.

Mwisho, iandikie ofisi ya mbunge wako. Barua fupi: namba ya muswada, tarehe, kura, na ombi moja tu. Mimi naomba hili: kanuni za Bunge la Wawakilishi zinataka maandishi ya muswada yawe wazi saa 72 kabla ya kura, na waliouweka muda huo kwa saa, mwaka 2019, ni Wademokrati wenyewe. Kanuni hiyo huondolewa kwa kura pale wenye wingi wanapokuwa na haraka. Muulize kama atapinga kuiondoa safari ijayo, chama chochote kikiwa madarakani, na mtake ajibu ndiyo au hapana. Ukiletewa barua ya shukrani isiyo na jibu, tuma tena ileile.