Makala na bidhaa kwenye ukurasa mmoja: mfano wa duka la mchele wa Kyela

Maduka mengi ya mtandaoni ninayoitwa kuyarekebisha hapa Mbeya yana ugonjwa mmoja: bidhaa zimekaa kivyake, makala kivyake. Anayesoma namna ya kupika pilau haoni mchele wa kununua, na anayetazama mchele haoni sababu ya kuuamini. Net-a-Porter ya London ilianza mwaka 2000 kwa kuuza nguo ndani ya kurasa zilizopangwa kama jarida. Wewe huhitaji mtaji wao. WordPress (mfumo wa kutengeneza tovuti) na WooCommerce (nyongeza yake ya kuendesha duka) vinatosha.

Hatua ya 1: Tafuta shaka ya mteja

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kwa mchele wa Kyela shaka inajulikana: mteja wa Dar es Salaam alishauziwa mchele wa kuchanganya kwa jina la Kyela, akaupika, harufu hakuna. Kwa hiyo makala ya kwanza isiwe historia ya kampuni yako (samahani, hakuna anayeisoma). Eleza mpunga umetoka kijiji gani, umevunwa msimu gani, umekobolewa wapi. Mwambie pia kwamba mchele mpya hunywa maji kidogo kuliko uliokaa ghalani, maana asipojua atapika bokoboko kisha akulaumu wewe.

Picha piga mwenyewe kwa simu: mashine ya kukoboa, punje kiganjani, gunia likifungwa. Zile picha za kupakua za familia inayocheka mezani waachie wengine.

Hatua ya 2: Weka bidhaa pale shaka inapoisha

Usiirundike yote mwishoni. Baada ya aya ya kukoboa, weka mfuko wa kilo 5, kwa sababu aliyeanza kuamini hununua kidogo kwanza. Kwenye mapishi ya pilau weka kilo 10; anayepika pilau ana wageni. Sehemu mbili kwa makala moja zinatosha. Zikizidi, msomaji anajiona yuko soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, kila muuzaji anamvuta mkono.

Hatua ya 3: Ingiza bidhaa yenyewe

Kwenye kihariri cha WordPress bonyeza alama ya kujumlisha, andika "product", chagua bloku (kipande cha ukurasa) ya bidhaa, kisha teua mfuko unaoutaka. Bei usiiandike kwa mkono ndani ya aya. Bei ya mchele hupanda na kushuka kwa msimu. Bloku huichukua kwenye bidhaa yenyewe, hivyo ukibadilisha pale, makala zote zinafuata.

Hatua ya 4: Fungua njia ya kurudi

Kwenye ukurasa wa bidhaa, chini ya bei, weka sentensi mbili za makala na kiungo chake. Wengi huisahau hatua hii, ilhali wateja wanaotumiwa kiungo cha bidhaa WhatsApp huingilia mlango huo.

Hatua ya 5: Jaribu kwa simu ya bei nafuu

Tumia bando, si Wi-Fi ya ofisini. Picha zikichelewa, zipunguze upana na uzihifadhi kama WebP, aina ya faili nyepesi ya picha. Kisha soma makala yote kwa kidole gumba: kitufe cha kununua kibonyezeke bila kukuza skrini, na ukishabonyeza ubaki palepale ulipokuwa unasoma. Kikikurusha kwenye kikapu, nenda kwenye mipangilio ya bidhaa ya WooCommerce, uondoe tiki ya kumpeleka mteja kwenye kikapu.