Kabla ya kufunguliwa kifua: mambo ya kukamilisha kwa anayesubiri upasuaji wa moyo

Anza na swali moja: je, ni lazima kifua kifunguliwe? Tangu mwaka 2002, daktari Alain Cribier alipoweka valvu (mlango wa moyo unaoruhusu damu kwenda upande mmoja) ya kwanza ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, kwa kupitia mshipa wa damu huko Rouen, Ufaransa, wagonjwa wengi wenye umri mkubwa ambao valvu yao ya aota imeziba hutibiwa bila msumeno. Muulize daktari wazi kama wewe unafaa. Akisema hapana, akueleze kwa nini.

Sigara iache leo, si wiki ya upasuaji. Angalau wiki 4 zipite, la sivyo makohozi yatakukwamisha kwenye mashine ya kupumulia. Kisukari kidhibitiwe. Damu ikiwa pungufu, itibiwe mapema.

Dawa zako zote ziandike kwenye karatasi, pamoja na dozi zake, na mitishamba usiifiche. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe. Klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, lakini aspirini mara nyingi huendelea kwa anayepandikizwa mishipa ya moyo. Dapagliflozini na empagliflozini, dawa za kisukari, huachwa siku 3 kabla, kwa sababu zinaweza kujaza damu asidi huku kipimo cha sukari kikionyesha hali ya kawaida, na hapo hatari huchelewa kugundulika.

Meno nayo yakaguliwe. Bakteria wa jino bovu huingia kwenye damu na kujibanza juu ya valvu mpya, mahali ambapo antibayotiki hufika kwa shida, na mara nyingi kifua hufunguliwa tena. Jino la kung'oa ling'olewe mapema ili kidonda kipone.

Sasa lile ambalo watu hulipitia juujuu, kisha likawatesa maisha yao yote: ni valvu gani unawekewa? Usitie saini kabla hujalielewa hili.

Valvu ya chuma, ambayo sehemu yake kubwa kwa kweli ni kaboni ngumu, inaweza kudumu miaka 20 na zaidi, lakini inakufunga na vidonge vya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi mwisho wa maisha. Valvu ya tishu ya mnyama haidai warfarini ya kudumu, ila kwa kawaida huchakaa baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa kijana huchakaa haraka zaidi. Ndiyo maana wengi walio chini ya miaka 50 hushauriwa ya chuma, na waliopita 65 ya tishu. Lakini umri peke yake hautoshi kuamua. Mwanamke anayetaka kuzaa aseme mapema, kabla ya upasuaji, kwani warfarini inaweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Anayeishi mbali na mahali pa kupima INR, yaani kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, naye aseme.

INR hiyo, kwa valvu ya chuma ya aota, kwa kawaida hulengwa kati ya 2 na 3. Kwa ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, kati ya 2.5 na 3.5. Tatizo huanza mgonjwa akishapata nafuu. Anapanda ngazi bila kuhema, anaona vidonge vya nini tena, anaruka siku kadhaa. Ule mlio mdogo wa tik-tik wa valvu ya chuma aliouzoea kifuani usiku unafifia, naye anadhani valvu imetulia. Kumbe bonge la damu linabana vibao vya valvu vinavyofunguka na kufunga, na linaweza kumletea kiharusi au kumjaza maji mapafuni ndani ya saa chache. Mlio ukififia, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Hatari ipo upande wa pili pia. Dawa za maambukizi kama metronidazoli, kotrimoksazoli na flukonazoli zinaweza kupandisha INR hadi mtu avuje damu, rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha. Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni ziepuke kabisa. Mboga za majani kula, ila kiasi kisibadilike sana wiki hadi wiki. Na usikubali kubadilishiwa warfarini kwa vidonge vipya visivyohitaji kipimo: jaribio la dabigatrani, moja ya vidonge hivyo, kwa wenye valvu za chuma, lililochapishwa mwaka 2013, lilisitishwa kabla ya muda wake kwa sababu kuganda kwa damu na kuvuja damu vyote viliongezeka.

Yaliyobaki ni mepesi. Jifunze kukohoa ukiwa umekumbatia mto kifuani na kuvuta pumzi ndefu mara 10 kila saa ukiwa macho. Usijinyoe kifua kwa wembe nyumbani. Mikwaruzo hukaribisha wadudu, waachie manesi watumie mashine. Panga mtu wa kukubebea vitu, kwani mfupa wa kidari hufungwa kwa nyaya na huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Ukipata homa, kikohozi kipya au jipu popote mwilini siku za mwisho, piga simu hospitali kabla ya kusafiri, hata kama umesubiri tarehe hiyo miezi mingi.