Kufyonza mafuta na kukata ngozi ya tumbo kwa pamoja: kipi kiunganishwe, kipi kisubiri

Mimi ni muuguzi, na kazi yangu naifanya majumbani. Wanawake wengi wanaoniita hapa Dar es Salaam wametoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo na kiuno, wengine hapahapa nchini, wengine wametua juzi kutoka Istanbul au India. Nafunga vidonda, napima maji ya dreni, yaani mpira unaotoa maji na damu kidondani, namshika mtu anyanyuke kitandani bila kuvuta mshono. Ninachotaka ukishike kabla hujalipa hata senti ni hiki: usiunganishe upasuaji kwa sababu umeambiwa ukichukua vyote bei inapungua. Unganisha vile tu vinavyotibu tatizo ulilonalo, na ambavyo vinaweza kupona ukiwa umelala mkao mmoja.

Anza kwa kulijua tumbo lako. Simama mbele ya kioo bila nguo, uiname mbele kidogo. Ngozi ikining'inia na kujikunja juu ya kovu la uzazi, hiyo ni ngozi iliyozidi. Haitarudishwa na mazoezi wala mafuta ya kupaka, dawa yake ni kukatwa. Sasa bana ubavuni kwa vidole. Unene huo unaoushika ni mafuta ya chini ya ngozi, na hayo hufyonzwa. Kisha lala chali, kunja magoti, weka vidole juu ya kitovu na unyanyue kichwa. Vidole viwili au zaidi vikizama katikati, misuli yako ya mbele imeachana. Hutokea sana baada ya mimba, hasa ya mapacha, na misuli hiyo hushonwa ikarudishwa pamoja.

Bado ukiwa chali, tazama tumbo lenyewe. Likitulia na kuwa bapa, vizuri. Likibaki limejaa na gumu, mafuta yako yako ndani, yamezunguka utumbo. Huko bomba la kufyonzea halifiki. Daktari akikushonea misuli juu ya mafuta hayo, atakuwa amebana kilichojaa: kupumua kutakuwa taabu, na umbo ulilolilipia hutaliona. Kwa mtu wa namna hii jibu ni kupunguza uzito kwanza, akae na uzito huo bila kupanda na kushuka kwa miezi 6 hivi, ndipo arudi kwa daktari. Kama BMI yako, yaani kipimo cha uzito kulinganisha na urefu, imevuka 30, tarajia daktari makini akwambie subiri. Akikwambia panda kitandani kesho, mwogope.

Kwa nini basi watu huunganisha? Kwa sababu kukata ngozi ya mbele peke yake hakuleti kiuno. Daktari anakata chini, karibu na mstari wa chupi, anashona misuli, anavuta ngozi ya juu kuishusha, anatoboa tundu jipya la kitovu. Mbele panakuwa pazuri, lakini mbavuni na mgongoni nyama iko palepale, na mtu akivaa gauni la kubana anaonekana mpana kama zamani. Kufyonza peke yake nako, kwa aliyezaa, kunaacha ngozi imelegea zaidi. Vikienda pamoja, mafuta ya ubavuni na mgongo wa chini yakitolewa, misuli ikakazwa, ngozi ikakatwa, hapo ndipo kiuno kinaonekana.

Miaka ya nyuma madaktari waliogopa mchanganyiko huu, na hofu yao ilikuwa na msingi. Ngozi ya tumbo ikishakatwa chini na kubanduliwa kutoka kwenye misuli, mishipa iliyokuwa ikiilisha kutoka chini na katikati haipo tena. Inaishi kwa damu inayotoka pembeni, chini ya mbavu. Ukiifyonza kwa fujo ngozi ambayo tayari ina njaa ya damu, sehemu yake inakufa, inageuka nyeusi, inaoza. Mwaka 2001 daktari wa Brazil, Osvaldo Saldanha, alichapisha njia yake ya kubandua ngozi kwenye mfereji mwembamba tu katikati, ili mishipa ya pembeni ibaki mizima huku mafuta yakifyonzwa. Ndiyo njia ambayo wengi wameifuata tangu hapo, kila mmoja na marekebisho yake. Kwa hiyo unapomhoji daktari, muulize: utabandua ngozi kiasi gani, na utafyonza wapi? Anayejua kazi atakuchorea kwa kalamu. Atakuonyesha ubavuni na mgongoni anafyonza bila woga, na katikati juu ya kitovu anakwenda polepole.

Mwambie pia makovu yako yote. La uzazi wa upasuaji lililolala chini ya tumbo si tatizo, mara nyingi linakatwa na kutupwa pamoja na ngozi. Linalotisha ni kovu refu la upande wa kulia chini ya mbavu, la wale waliotolewa nyongo kwa njia ya zamani. Limeshakata njia ya damu. Mwenye kovu hilo anaweza kushauriwa afanyiwe kidogo, au asifanyiwe kabisa. Kama una ngiri ya kitovu, inaweza kushonwa siku hiyohiyo, ila uliza juu ya uhai wa kitovu chenyewe, maana kinazungushiwa kisu pande zote na kubaki na damu ya nyuma tu, kulekule anakoshona ngiri.

Kisichopaswa kuunganishwa, kwa maoni yangu, ni kujaza makalio. Najua ndicho kinachouzwa sana: tunatoa tumboni, tunaweka nyuma. Fikiria kulala tu. Aliyekatwa tumbo anatakiwa alale chali, mgongo umeinuliwa, magoti yamekunjwa. Aliyejazwa makalio anaambiwa asiyakalie wala kuyalalia. Nimewauguza waliofanyiwa vyote viwili, na hakuna mkao mmoja uliowapa nafuu. Usiku wanalia, kisha wanaacha kutembea kwa kuchoka, na asiyetembea damu yake inaganda miguuni. Zaidi ya hapo, mafuta yakiingia kwenye misuli ya makalio yanaweza kupenya mishipa mikubwa na kufika kwenye mapafu, mtu akafa mezani. Chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza, BAAPS, mwaka 2018 kiliwashauri wanachama wake waache upasuaji huo. Mwaka 2022 kikaulegeza, lakini kwa sharti kwamba mafuta yawekwe chini ya ngozi tu, huku daktari akitazama kwa ultrasaundi. Wamarekani 93 walifariki baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika kati ya 2009 na 2022, na katika vifo vilivyochunguzwa kwa undani, wengi walikuwa wamefanyiwa zaidi ya upasuaji mmoja kwa mkupuo. Makalio yasubiri, dada yangu. Kama bado unayataka baada ya miezi 6, yatakuwepo.

Matiti yanaweza kwenda na tumbo, kwa kuwa yote hulaliwa chali. Hapo kinachoamua ni muda. Upasuaji wa hiari ukivuka saa 6 chini ya nusukaputi, mwili unapoa, damu inapotea, hatari ya kuganda inapanda. Na mafuta na maji yanayofyonzwa yakifika lita 5, hiyo inahesabiwa kuwa ni kiasi kikubwa. Ulale hospitali ukiangaliwa, usirudishwe nyumbani jioni. Muulize daktari idadi ya saa na idadi ya lita kabla ya kusaini. Muulize pia mtaalamu wa usingizi ni nani, na kama kuna ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, au gari la kukufikisha huko. Jina la daktari litafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, au ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, kama uko huko, uone kama kweli ni bingwa wa upasuaji rekebishi. Cheti cha saluni hakitoshi, hata ukutani pakiwa pazuri namna gani.

Maandalizi mengine nayapitia haraka. Maliza kuzaa kwanza, kwa sababu mimba itakayofuata inaweza kuachanisha tena misuli iliyoshonwa, na subiri miezi 6 tangu uache kunyonyesha. Pima kiwango cha damu. Wanawake wetu wengi wanaingia thieta na upungufu wasioujua. Pima sikoseli kama hujawahi. Sigara na shisha acha wiki 4 kabla na wiki 4 baada, bila kudanganya, maana nikotini inabana ileile mishipa inayolisha ngozi yako. Vidonge vya majira mtajie daktari, vinachangia damu kuganda. Aspirini na dawa za miti shamba, mtajie zote. Na kama unachoma sindano za kupunguza uzito kama Ozempic, mwambie mtaalamu wa usingizi mapema: chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na ukitapika ukiwa kwenye usingizi kinaingia mapafuni.

Sasa nyumbani, mahali ambapo kazi nzuri ya daktari huharibiwa.

Jioni ileile au kesho yake unatakiwa usimame na utembee, umeinama kiasi. Usijinyooshe, mshono utakuruhusu wenyewe baada ya wiki moja hivi. Kitandani weka mito mgongoni na chini ya magoti. Kila saa ukiwa macho chezesha vifundo vya miguu. Kama umeandikiwa sindano za kuzuia damu kuganda, choma zote hadi ya mwisho, hata ukijihisi mzima. Dreni imwagwe na kuandikwa kwenye daftari, kiasi na rangi, kila asubuhi na jioni. Mara nyingi hutolewa ikishatoa chini ya mililita 30 kwa saa 24. Mkanda maalumu wa kubana vaa kama ulivyoelekezwa, kawaida wiki 6.

Na hapa nina ombi kwa mama, shangazi na mawifi. Najua desturi yetu ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto na kumfunga tumbo kwa kanga. Nimekuta chupa ya chai ya maji yanayochemka na taulo kando ya kitanda cha mtu mwenye mshono wa kutoka nyonga hadi nyonga. Tafadhali msifanye hivyo. Neva za ngozi ile zimekatwa, pale katikati hasikii kitu kwa miezi mingi. Mtamkanda kwa moto, atasema sisikii, mtaongeza moto, na ngozi itaungua hadi ndani bila yeye kushtuka. Hata chupa ya mpira ya maji ya moto hapana. Kanga iliyokazwa juu ya mkanda nayo inanyima ngozi damu, na inasukuma presha kwenye mshono wa misuli. Mnaotaka kumsaidia, mbebeeni mtoto. Hatakiwi kunyanyua kitu kizito kwa wiki 6, na mtoto wa miaka miwili ni mzito. Mpikieni supu, maharage, samaki, mboga za majani. Msimpandishe bodaboda kwenda kliniki.

Hatari zijue kwa jina na uwe na namba ya hospitali karibu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au kifua kikibana na pumzi kukatika, ni gari na hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Homa ya kutetemeka usiite malaria kabla hujaonwa. Kwetu wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi gusa: pakiwa pa moto, pagumu, pameng'aa, ngozi imeanza kuwa ya kijivu au zambarau, piga simu. Ukisikia maji yanacheza chini ya ngozi baada ya dreni kutoka, daktari atayavuta kwa sindano, mara nyingine zaidi ya mara moja. Hilo si janga, ila lisiachwe.

Unayesafiri nje, usipande ndege kabla ya siku 7 hadi 10 baada ya kukatwa tumbo, na zikizidi ni bora. Rudi na ripoti ya upasuaji iliyoandikwa kwa lugha ambayo daktari wa hapa anaisoma: walifanya nini, walifyonza lita ngapi, walitumia dawa gani. Mwaka 2023 watu waliofanyiwa upasuaji wa urembo Matamoros, Mexico, kwa ganzi ya uti wa mgongo, walipata fangasi ya utando wa ubongo, na baadhi walikufa wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo maumivu makali ya kichwa yasiyoisha, au vijipu kwenye kovu visivyosikia antibayotiki za kawaida, hata miezi miwili ikipita, mwambie daktari wapi ulipasuliwa na lini.

Kuhusu kovu, kama sikio ulilotoboa au kovu la uzazi liliota kilima, mwonyeshe daktari kabla, si baada. Kidonda kikishafunga kabisa, shiti za silikoni huvaliwa kila siku kwa miezi kadhaa, na kovu likianza kuinuka na kuwasha kuna sindano za kulishusha, zinazofaa zaidi likiwa bado changa. Uvimbe utapanda jioni na kushuka asubuhi kwa muda mrefu. Usijipime kiuno kabla ya miezi 6, na kama kuna sehemu unataka irekebishwe, daktari atapenda mwaka uishe kwanza.