Siku tatu za kukaa kitako kando ya Lufira

Mara ya kwanza nilipotoka Lubumbashi kwenda kutembea porini, tulipanga maporomoko ya Kiubo, ya Lofoi na mapango kwa siku mbili. Tuliona barabara. Tuliona na tope jekundu, na dereva amelala chali chini ya gari. Tangu siku hiyo nachagua mahali pamoja, nakaa siku tatu, na siku za njiani sizihesabu.

Mahali penyewe ni Kiubo, kwenye maporomoko ya mto Lufira, njia ya Mitwaba. Lofoi yanapendeza zaidi kwenye picha, maana yanashuka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Lakini yamo ndani ya mbuga ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970. Yanataka kibali cha ICCN, shirika la serikali linalolinda mbuga, gari lenye nguvu na magoti ya kijana. Mwisho wa kiangazi maji yenyewe hubaki uzi. Mimi ni mwalimu wa jiografia mwenye miaka hamsini na sita, Kiubo kunanitosha.

Nenda Mei. Mvua imekwisha Aprili, mto bado umejaa, barabara imeanza kukauka. Juni na Julai pia si vibaya, ila usiku ni wa blanketi mbili. Septemba nyasi zinachomwa kila upande na moshi unaficha vilima, baki nyumbani.

Kabla ya kufunga mizigo, uliza habari za njia kwa dereva wa lori aliyeshuka wiki hii. Huko juu, kati ya Mitwaba, Manono na Pweto, ndiko kulikoitwa pembetatu ya mauti kwa sababu ya wanamgambo. Dereva akisita kujibu, ahirisha safari. Mimi nimeahirisha mara mbili na sijutii.

Beba unga wa bukari, yaani ugali, chumvi, kapenta kavu (samaki wadogo), sufuria na chandarua. Chikanda moja nzima, ule mkate wa viazi vya okidi na karanga, itakufaa njiani, haiharibiki upesi. Maji ya kunywa chemsha. Ya kuoga, teka pale wanapoteka akina mama wa kijiji, na saa ile wanayoteka wao: wanajua mamba yuko wapi, na kiboko anapita saa ngapi. Kwenye maji yaliyotulia usiingize mguu, kuna kichocho.

Ukifika, kwa shefu, mkuu wa kijiji, kwanza, hata kama jua linazama. Mimi hupeleka sabuni na chumvi. Mzee mmoja aliniuliza, “Mama, munatafuta nini huku? Madini?” Nikamwambia, “Hapana, papa, natafuta kukaa.” Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipa mjukuu wake anionyeshe njia.

Siku ya kwanza usiende popote. Chagua jiwe moja lenye kivuli, mbali na ukingo unaoteleza, ulirudie mara tatu: alfajiri, saa sita, na kabla ya jua kuzama. Chomeka kijiti pale maji yanapogusa mchanga. Kesho yake utajua mto umepanda au umeshuka, na utashangaa jinsi jambo dogo hilo linavyokufanya uangalie mengine. Nikiwa pale hufikiria mto wetu wa Lubumbashi, ule tunaouvuka tumeziba pua. Unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, na kupitia ziwa Mweru na mto Luvua maji yake yanafika Lualaba pale Ankoro. Lufira nayo imekwisha kuingia Lualaba huko juu zaidi. Kwa hiyo maji haya mawili yanakutana, ila yetu yamezunguka sana.

Siku ya pili ni ya mapango, na hapo nina ukali kidogo. Mawe ya chokaa huliwa na maji ya mvua polepole sana, ndiyo maana yana matundu. Mvua ikinyesha, matundu hayohayo hujaa. Wingu likionekana, usiingie. Kila mtu awe na tochi yake, na moja ya akiba kwa aliye mbele. Ukisikia harufu kali ya popo, geuka. Huko Durba, kaskazini-mashariki ya nchi yetu ya Kongo, wachimba dhahabu waliugua homa ya Marburg kati ya 1998 na 2000, katika mgodi uliojaa popo.

Na usiingie bila ruhusa ya wenyeji. Enzi ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, shefu Mulume Niama wa Wasanga alikimbilia na watu wake katika pango kubwa la chokaa huku kwetu Katanga. Askari wa serikali wakawazingira, hawakujisalimisha. Miezi mitatu baadaye askari walipoingia, walikuta maiti 178. Basi mzee akikwambia pango fulani haliingiwi, usimwulize sababu mara ya pili, wala usimwonyeshe noti.

Siku ya tatu tembea na mto kuelekea chini, mwendo wa saa mbili tu, ukiwa na mwenyeji, kisha ulale mchana.

Wakati wa kurudi utauziwa makala, yaani makaa ya miti, na asali kando ya barabara. Makala siyabebi, nimeona miombo, miti ya misitu yetu, inavyokwisha. Asali nunua, ila onja kwanza: nyingine wameongeza maji ya sukari, na ukishafika mjini hutarudi kugombana.