Pilipili ya kuuza: vile mi huweka benzoeti

Wale mnauliza sosi yangu ya pilipili hutiwa nini ndo ikae kwa kibanda bila friji, ni sodiamu benzoeti, ile ukigeuza chupa ya sosi ama soda unaona imeandikwa E211. Ni unga mweupe tu. Inazuia kuvu na hamira zisimee, lakini sosi iliyoanza kuharibika haiokoi, na pilipili chafu haisafishi, so usiniambie ati nyanya zilikuwa zimeoza kidogo ndo ukaongeza.

Batchi yangu ya kwanza nilibania siki kwa sababu niliogopa watu watasema inachoma pua, alafu unga nikakadiria na kijiko. Wiki ya pili kasta wa mtaa wa Umoja akanipigia, "Auntie, kifuniko kimeruka, sosi iko hadi kwa ukuta." Kumbe benzoeti bila asidi, ndo ile ya siki, ni kama haiko: kwa pH (kipimo cha asidi, ikishuka ndo asidi inazidi) ya 4.2 nusu yake ndo inafanya kazi, ikipanda 6 haifiki hata asilimia 2. Na kama umeweka saumu ni lazima ukae chini ya 4.6, kwa sababu juu ya hapo bakteria wa botulizimu wanaweza kumea ndani ya chupa iliyofungwa na sumu yao inaua. Mi huenda hadi 3.8. Karatasi za kupima pH hazinisaidii, pilipili inazipaka nyekundu husomi kitu, afadhali kamita ka dijitali.

Unga nunua kwa wauza vitu vya bekari, gredi ya chakula, ndani ya pakiti yake na lebo. Ile ya kupimiwa kwa karatasi wachana nayo, unga mweupe wote unafanana.

Sasa pika. Pilipili ya soko la Marikiti, nyanya, karoti, saumu, chumvi na siki vyote pamoja, itokote vizuri, alafu chota kidogo, ipoe, upime pH. Ikiwa juu ongeza siki uchemshe tena. Ikishakuwa sawa pima uzito wa sosi yenyewe (sufuria tupu ulikuwa umeipima mwanzo, si ndio?) kwa sababu ikichemka inapungua. Kiwango ni gramu 1 kwa kilo 1, na hapo ndo mwisho, Marekani pia wamesimamia hapo kwa asilimia 0.1. Kilo 5 ni gramu 5, kwa mizani ndogo ya dijitali, na kijiko kirudi kwa chai.

Usimwage unga moja kwa moja kwa siki! Ukigusana na asidi kali unageuka chengachenga nyeupe zinaelea na hazikorogeki, nimewahi kuzichuja na kitambaa hadi saa sita usiku. Uyeyushe kwanza kwa maji ya moto, robo glasi hivi, ikiwa wazi kabisa ndo unamimina polepole ukikoroga, sosi ikiwa bado moto. Jaza chupa zilizochemshwa, funga.

Juisi ni hesabu ingine. Tena benzoeti na vitamini C zikikutana kwa joto na jua zinaweza kutoa benzini, ambayo inaleta kansa, kwa hivyo hata hii pilipili usiipange mbele ya kibanda ikipigwa na jua ndo ing'ae. Weka chini ya meza. Na kwa lebo andika E211, wako watu inawawasha ngozi.