Kiti, kijiko na saa za siku: tiba ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anavyoifanya baba seremala

Mimi ni fundi seremala hapa Moshi. Binti yangu ana miaka saba na ana mtindio wa ubongo. Alizaliwa amechoka, hakulia mapema, na alipofikisha miezi tisa shingo ilikuwa bado haijakaza. Tulizunguka sana kabla ya kumpata mtu wa kutueleza kwamba sehemu ya ubongo inayoamuru misuli iliumia kwa kukosa hewa. Jeraha lile haliongezeki, na halifutiki. Kinachobadilika ni mwili unaoendelea kukua: misuli inakaza, nyonga zinaweza kutoka mahali pake, mgongo unaweza kupinda. Tiba inafanya kazi huko. Naandika kwa mzazi mwenzangu ambaye ameambiwa jina la hali hii juzi tu na hajui aanzie wapi.

Anza kwa kuuliza kiwango cha mtoto, yaani anajimudu kiasi gani katika kukaa na kutembea. Wataalamu wanatumia mpangilio wa viwango 5 uliochapishwa na Robert Palisano na wenzake mwaka 1997. Mtoto wa kiwango cha 1 anatembea na kupanda ngazi bila kushikwa. Wa kiwango cha 5 hata kichwa kukishikilia ni kazi. Wangu ni wa 4. Nililia siku niliyoambiwa, lakini kuanzia siku hiyo tuliacha kumkokota kwa kumshika makwapani tukidai tunamfundisha kutembea. Mtoto wa kiwango cha 1 au 2 anahitaji kutembea, kupanda na kucheza mpira na wenzake. Wa 4 na 5 anahitaji kwanza kukaa vizuri, kula salama, kuwasiliana, na nyonga zake zilindwe.

Wataalamu utakaokutana nao ni watatu hasa. Wa fiziotherapia anashughulikia miondoko mikubwa ya mwili: kugeuka, kukaa, kusimama, kutembea. Wa tiba kazi anashughulikia mikono na shughuli za kila siku: kula, kuvaa, kucheza, kuandika. Wa usemi anashughulikia mawasiliano, na pia kumeza, jambo ambalo wazazi wengi hatulijui. Sisi huku Kilimanjaro tuna bahati, hospitali ya KCMC wanafundisha fiziotherapia na tiba kazi, na chuo cha TATCOT kilichopo palepale kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Omba pia mtoto apimwe macho na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kudhaniwa haelewi.

Lakini kliniki tulikuwa tunapata nusu saa kwa wiki, na wiki ina saa 168. Hesabu hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye karakana yangu. Nikamuuliza mtaalamu wetu, saa zote hizi nyingine nifanye nini? Akaniambia nichague jambo moja ambalo mtoto mwenyewe analitaka. "Nataka apate nafuu" si lengo. "Nataka ashike kijiko na kukifikisha mdomoni" ni lengo. Ubongo hujifunza lile ambalo mtoto analifanya mwenyewe, kwa kurudiarudia. Ukimnyoosha miguu huku amelala anaangalia dari, wewe ndiye unayefanya mazoezi.

Kijiko hakishikiki bila kiti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Mama mkwe alitaka tuchimbe shimo uani tumkalishe humo, kama wazee walivyofanya. Wengine walimcheka, mimi sikumcheka: shimo linashika kiuno, na kiuno kikishikwa, mikono inakuwa huru. Ila ardhi ina unyevu, na shimo halina meza.

Mpime mtoto akiwa amekaa, mwenzako akimshikilia. Urefu wa kikalio: pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, halafu punguza upana wa vidole viwili, la sivyo ubao utambana nyuma ya goti naye atateleza mbele. Upana: nyonga, ongeza kidole kimoja kila upande, usizidishe, maana kiti kipana kinamwachia aegemee upande. Kibao cha miguu: pima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino akiwa amevaa viatu. Miguu isining'inie hata kidogo. Nyonga, goti na kifundo cha mguu vyote vikae karibu na nyuzi 90. Mkanda upite pale paja linapokutana na nyonga, usipite tumboni. Kama magoti yanakutana au miguu inapishana kama mkasi, weka kigingi kilichofunikwa sponji katikati ya magoti, na kisifike kwenye kinena. Meza iwe usawa wa kiwiko.

Nilitumia plaiwudi na vipande vya godoro kuukuu. Ambaye hana mbao anaweza kutumia maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga tabaka juu ya tabaka. Ufundi huo ulianzia Zimbabwe, na kiti chake kikikauka vizuri kinambeba mtoto bila wasiwasi. Siku ya kwanza mkalishe dakika kumi, kisha kagua ngozi. Wekundu usioisha ndani ya nusu saa unakuambia kuna mahali panambana. Mwite mtaalamu akione kiti kabla hujakizoea.

Sasa chakula. Tulikuwa tunamlisha amelala mapajani, kichwa kimeenda nyuma, naye anapaliwa kila mlo. Kifua kilimuuma mwaka mzima. Mkalishe wima, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani. Keti mbele yake, macho yenu yawe usawa mmoja. Uji uwe mzito kiasi cha kushuka polepole kwenye kijiko, na subiri ameze ndipo ulete kingine. Ongeza mafuta, karanga zilizosagwa laini au parachichi, maana anakula kidogo na mwili unaokaza unatumia nguvu nyingi. Akiendelea kukohoa wakati wa kula, au kifua kikimrudia mara kwa mara, mpeleke hospitali mapema.

Kwa kusimama, nilimtengenezea fremu yenye mikanda kifuani, nyongani na magotini, iliyoinama mbele kidogo. Tulianza na dakika tano, sasa anafika arobaini na tano akiwa anachambua mchele na bibi yake. Kabla ya fremu tulipiga picha ya eksirei ya nyonga. Mtoto asiyetembea yuko kwenye hatari kubwa ya nyonga kutoka bila hata dalili mwanzoni, kwa hiyo uliza kila mwaka kama picha inahitajika. Kusini mwa Sweden walianza kuwafuatilia watoto wote wenye hali hii kwa namna hii mwaka 1994, na nyonga zilizotoka zikapungua sana.

Dawa ziwe mikononi mwa daktari. Diazepam na baklofeni hulegeza misuli, sindano ya botulinum hulegeza msuli uliochomwa kwa miezi michache na lazima iambatane na mazoezi, na upasuaji una wakati wake. Kama ana kifafa, usiikatishe dawa ghafla kwa sababu ameonekana mzima.

Kuna pia wanaouza uponyaji. Tuliuza ng'ombe kumlipa mtu aliyeahidi kwamba ndani ya siku 40 atatembea. Siku hizi wanaahidi seli shina, yaani chembe changa za mwili wanazodai zitajenga ubongo upya, na chumba cha kuvuta oksijeni kwa shinikizo. Oksijeni hiyo imejaribiwa kwa watoto hawa kwa makini na haikuonekana kuwasaidia kuliko wasioipata. Seli shina bado zinachunguzwa, si za kuuziwa. Anayekuhakikishia kupona, muage.

Mawasiliano tulichelewa, na inaniuma. Binti yangu alikuwa anajibu "ndiyo" kwa kutazama juu, sisi tunadhani anashangaa dari. Muulize, kisha hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kumjibia. Kwenye meza ya kiti nimebandika picha sita: maji, chakula, choo, nje, naumwa, bibi. Ile ya "nje" imeshachakaa.

Kijiko nimekizungushia mpira wa tairi la baiskeli ili mpini unenepe, na nimekipinda kumwelekea mdomoni. Ilituchukua miezi mitano. Nusu ya uji bado inaishia kwenye meza, na mke wangu amekatazwa kumsaidia mpaka vijiko kumi vya kwanza viishe. Kiti nilichokieleza ni cha tatu. Mpime upya kila miezi sita, na kiti kinachokuwa kidogo kwake mpelekee mwenye mtoto mdogo zaidi hapo mtaani, umpimie kwanza.